Mwaka Maziwa ya Mama Veneranda Yalipocheza

Kila mwaka nikifika kwenye somo la chembe zinazochezacheza ndani ya maji, huwasimulia wanafunzi wangu kisa cha maziwa, na kila mwaka hukisimulia nusu tu. Nusu ya pili, ile inayonihusu mimi, huimeza. Mwaka huu nilikuwa nikiisimulia nusu hiyo ya kwanza katika chumba cha walimu hapa Walikale, mvua ikipiga mabati hata tukawa tunapaaza sauti, nikimweleza mwalimu mpya wa hesabu kwa nini nimekuja shuleni na chupa ya maziwa na kipande cha jiwe katika mkoba mmoja. Mwalimu huyo anaitwa Zawadi, ni mtu wa Kibua, na si mwepesi wa kuongea. Aliweka kikombe chake chini, akanitazama.

“Mwalimu Mapendo, hii hadisi mi naijua,” alisema. “Kwetu Kibua kuko mama moja muzee sana, anaisemaka kila mara. Ya jiwe ya kanisa yenye ilicheza. Anasema kulikuwa binti moja mwenye akili mingi, njo aliokoa mafromaje yake yote.”

Nilimwuliza jina la huyo mama. Aliposema ni Mama Veneranda, nilitaka kuketi, kumbe nilikuwa nimeketi tayari. Mama huyo nilikuwa nimekwisha kumlilia mara tatu. Tangu kilima chake cha Masisi kilipobaki bila watu kwa sababu ya vita, watu watatu tofauti walikuwa wameniletea habari za kifo chake, kila mmoja na mahali pake pa kaburi, na mimi kila mara nikawasha mshumaa na kuomboleza upya. Wakati huo nilikuwa nafundisha Hombo, kabla sijahamia huku, na nilikumbuka hata rangi ya mishumaa. Kumbe marehemu wangu yuko Kibua analima mihogo na kusimulia hadithi jioni! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, Zawadi akadhani nimepatwa na kitu. Lakini katikati ya kicheko lile neno “aliokoa” lilinikatiza. Maana binti aliyeziokoa fromaje zile ndiye aliyeziponza, na binti huyo ni mimi.

Habari za wazazi wangu na ukoo wetu nitaziruka. Zina mahali pake, na si hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa darasa la tano la sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, katika shule moja juu ya vilima vya Masisi. Shule haikuwa na bweni, na Mama Veneranda, mjane asiye na mtoto nyumbani, alinipa kitanda kwa sharti moja: asubuhi kabla ya kengele na jioni baada ya masomo, nizigeuze fromaje zake. Vitabu huita kitu hicho jibini, lakini sisi tulisema fromaje, na hata leo mtu akiniambia jibini naona kama anazungumzia chakula cha watu wengine. Chumba cha fromaje, ambacho watu waliita laiteri, kilikuwa nyuma ya jiko, kuta za mbao, sakafu ya simenti ambayo aliisugua mpaka unaona haya kuikanyaga. Rafu zilipanda hadi darini, na juu yake fromaje za mviringo zimejipanga, changa nyeupe chini, zilizokomaa za manjano juu. Nilizigeuza moja moja, nikazipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Harufu yake iliingia katika nywele zangu na madaftari yangu, na wanafunzi wenzangu waliniita Madame Fromaje, jina ambalo wakati huo niliona ni tusi.

Kitu nilichopenda kutazama kuliko vyote ni jinsi Mama alivyopasha maziwa. Sufuria kubwa haikuwekwa motoni hata siku moja. Aliiketisha ndani ya beseni kubwa zaidi lenye maji ya moto, na kazi hiyo akaiita kuogesha maziwa. Kipimajoto hakuwa nacho. Alikunja mkono wa blauzi, akanawa kwa sabuni, akatumbukiza kiwiko chake ndani ya maziwa na kufumba macho. “Bado,” alisema. Tunaongeza maji ya moto katika beseni, tunasubiri. Kiwiko tena. “Bado.” Halafu ghafla, “Inatosha, toa!” na hapo hata kama ulikuwa unamimina ungeacha katikati. Asubuhi wenye ng'ombe waliketi kwenye benchi nje, wakisubiri maziwa yao yapimwe, na kupitia mbao za ukuta nilisikia yote: nani kaposa, nani kakataliwa, ng'ombe wa nani kaingia maharage ya nani. Tulikula foufou, ugali wetu, na maharage, siku nyingine sombe ya majani ya muhogo, na Jumapili viazi vyenye maziwa mabichi yaliyoganda ambayo Mama aliyaweka pembeni kabla hayajaingia kwenye kalibu. Maji yaliyobaki yalikwenda kwa nguruwe. Sijala vizuri hivyo tena, na nimekula kwenye meza za watu wakubwa.

Katika muhula wa pili shule ilipata hadubini. Padri mmoja mzee aliyekuwa anastaafu aliitoa kwenye sanduku la mbao, akaiacha kwa mwalimu wa biolojia, na kwa wiki nzima hatukuzungumza kitu kingine. Tulipanga mstari kuangalia tone la maji ya dimbwi. Humo ndani mlikuwa na viumbe vinavyopita kwa haraka, vyenye nywele, vyenye mikia, na wasichana wawili waliapa hawataoga tena. Mwalimu alituandikisha kanuni: chochote kinachojisogeza chenyewe kina uhai. Niliiandika, nikaipigia mstari mara mbili kwa kalamu ya bik nyekundu, maana nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Kesho yake nikaja na maziwa ya Mama Veneranda katika kichupa cha dawa. Nilitia tone moja ndani ya maji, nikaweka kioo juu, nikainama. Yaliyokuwa humo yalinifanya nishike meza. Vitone vidogo vya mviringo, vingi mno, na vile vilivyo vidogo kabisa havikutulia hata nukta moja. Vilitetemeka, vikaruka kidogo huku, kidogo kule, vikarudi. Vilijisogeza vyenyewe.

Sikuwa na ubaya wowote moyoni. Nilikuwa na kitu kibaya kuliko ubaya, yaani uhakika. Jioni ile kwenye chemchemi, mbele ya wanawake na wasichana waliokuja kuteka maji, nilitangaza kwamba fromaje ya kilima chetu imejaa vidudu vizima, na kwamba nimeviona kwa macho yangu. Nilisema hata kwa Kifaransa, ili waelewe kwamba ni sayansi. Sasa, wiki zile watoto wengi walikuwa wanaharisha. Hakuna aliyefariki, Mungu ni mwema, lakini hapakuwa na nyumba isiyo na mtoto amelala juu ya mkeka macho yamezama. Watu walikuwa wanatafuta sababu, na mimi nikawapa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, husema Waswahili. Zangu ziliishia kwenye mlango wa chumba cha fromaje siku ya Alhamisi, mimi nikiwa ndani na kitambaa cha chumvi mkononi, komite ya usafi ikiwa nje.

Aliyeongoza komite alikuwa Papa Bauma, kiongozi wa kwaya, mtu mnene wa sauti nzito ambaye hata akiomba chumvi ungedhani anaanzisha wimbo. Nilimsikia kupitia mbao.

“Mama Veneranda, hatukukuya na ubaya,” alisema. “Lakini batoto bako wanagonjwa, na kuko bantu walipima maziwa yako na mashini ya masista, hapana, ya padri. Iko na vidudu. Komite imekata neno. Jumapili kiisha misa tunachimba shimo, fromaje yote tunazika na chokaa. Na laiteri inafungwa.”

“Yote?” Mama aliuliza.

“Yote. Hata ya juu.”

“Za juu ziko na miezi ine, Papa Bauma. Hizo ni za wenye ngombe wote wa hapa. Munazika jasho ya kilima muzima.” Kisha akauliza: “Nani alipima?”

“Haiko mutu wa mbali. Ni mutoto wa mu nyumba yako.”

Nilisikia kuku wakiparua chini ya dirisha. Nilingoja aite jina langu kwa ukali, nilingoja mlango ufunguliwe kwa kishindo. Alisema tu, “Basi, nimesikia,” na viatu vyao vikateremka njia ya mawe. Jioni ile alinipakulia foufou kama kawaida, maharage kama kawaida, akasukuma sahani mbele yangu. “Kula, kesho uko na masomo.” Ningependa anichape. Nilikula nikilia, machozi yakiingia kwenye maharage, na yeye akageuza uso akashughulika na moto ambao haukuhitaji kushughulikiwa. Sijawahi kujionea haya namna ile tangu siku hiyo, na nimefanya makosa mengine ya kutosha.

Mtu niliyemkimbilia Ijumaa alikuwa Mwalimu Bonane wa fizikia. Alikuwa mwembamba, koti lake limechanika kwapani, na aliwatania wanafunzi hata wakati wa mtihani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni pa darasa tupu. Sikuomba afute neno langu. Wakati huo bado niliamini nimeona kweli. Nilitaka tu aniambie kuna dawa ya kuua vile vidudu ili fromaje zisizikwe.

“Dawa ni moto,” alisema. “Uko binti wa laiteri, haujue moto? Chemsha ile maziwa. Nusu saa. Kisha uangalie tena, unikuyie na maiti.”

Nilichemsha nusu saa kwenye jiko la shule, nikaacha yapoe, nikaweka tone chini ya hadubini. Maiti walikuwa wanacheza. Nilimwita. Aliinama, akaangalia muda mrefu, na nilipomtazama usoni niliona hatanii tena. Aliuliza ni kidudu gani hiki kisichokufa kwa moto, kisichokula, kisichozaa, na kisichochoka. “Tuulize kitu chenye hakijawahi kuwa na roho,” akasema, na kunituma nitafute jiwe. Jumamosi mchana nilikwaruza ukingo wa ngazi ya kanisa kwa msumari, ile ngazi ambayo wazee hukaa wakisubiri misa, nikapata unga kidogo wa kijivu. Tulisaga unga huo kati ya vijiko viwili, tukautia katika glasi ya maji, tukangoja chembe kubwa zishuke, tukachukua tone la juu lenye ukungu kidogo. Mwalimu Bonane aliziba kingo za kioo kwa nta ya mshumaa ili maji yasikauke wala yasipate njia ya kutiririka. Kisha akanisukuma mbele. Chembe kubwa za jiwe zilikuwa zimelala. Lakini zile ndogo kabisa zilitetemeka, zikaruka kidogo huku, kidogo kule, zikarudi. Ni mchezo ule ule wa maziwa. Nilipiga kelele, nadhani hata nilimkumbatia mwalimu, jambo lisilofanyika shuleni kwetu.

Ilikuwa siku ya soko, na kutoka darasani tuliliona soko lote chini bondeni. Mwalimu Bonane alinionyesha mwavuli mwekundu wa mama muuza mikate. Kutoka kule juu vichwa vya watu havikuonekana vizuri, ilikuwa ni weusi tu unaochemka, na juu yake ule mwavuli ukienda kidogo kushoto, kidogo mbele, ukirudi nyuma. “Ule mwavuli uko na uhai?” aliniuliza. Nikasema hapana, unasukumwa na watu. “Na kama haukuona bantu?” Nikasema ningedhani unajisogeza wenyewe. Njo hivyo, akasema. Maji hayatulii. Hata yakilala kwenye glasi mbele yako kama yamekufa, ndani yake kuna vipande vidogo mno, visivyoonekana hata kwa mashine ya padri, vinavyokimbia na kugongana bila kupumzika. Vinaigonga chembe ya jiwe pande zote. Jiwe kubwa linagongwa na wengi sana kila upande, linabaki pale pale. Chembe ndogo inagongwa zaidi upande huu, mara upande ule, basi inayumba. Haina pa kwenda wala haitaki kitu. Na tunachokiita joto, alisema akinigonga kichwani kwa chaki, njo hizo mbio zenyewe. Tuliketisha kioo juu ya bakuli la maji ya moto, na chembe zikazidi kuruka. Ndipo nilipomkumbuka Mama na kiwiko chake ndani ya sufuria, macho yamefumbwa. Miaka yote ile alikuwa anapima mbio za vitu asivyoviona, na hakuwahi kukosea.

Jumapili shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa nyuma ya laiteri, mfuko wa chokaa pembeni. Wakati wa matangazo katekista alisoma wachumba, akasoma zamu ya usafi wa kanisa, halafu Mwalimu Bonane akainua mkono, akaomba msichana mmoja aseme neno. Kutoka benchi langu hadi mbele ni hatua chache, na nilizitembea kama mtu anayevuka mto. Nilisema kwamba mimi njo nilisema maziwa iko na vidudu. Kwamba nilidanganyika. Kwamba Mama Veneranda hana kosa, na kila mtu aje uani ajionee. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata kwaya ya nyuma ikauliza anasema nini, na nikalazimika kurudia yote tangu mwanzo, jambo ambalo mara ya pili lilikuwa chungu mara mbili.

Hadubini ilikuwa mezani uani, kati ya ngazi ya kanisa na mlango wa laiteri, kioo chake kikilielekea jua. Mwalimu Bonane alimwalika Papa Bauma kwanza, kwa heshima zote, kwa kuwa ni mkubwa wa komite. Papa Bauma alivua kofia, akainama, akafumba jicho moja, na sauti yake ya kwaya ikajaa uani. “Ee! Munaona? Ni kweli! Vidudu! Vinakimbia kabisa! Mama Veneranda, haya ni maziwa ao ni simba?” Watu walisogea. Mwalimu Bonane alisubiri wanyamaze. “Papa Prezida,” alisema polepole, “hiyo haiko maziwa. Hiyo ni unga ya ile ngazi ya kanisa, kwenye unaikalaka kila Jumapili.” Kisha mzee mmoja aliyeketi kwenye ngazi hiyo hiyo akainuka haraka akajipangusa makalio, na uani wote ukalipuka kwa kicheko. Papa Bauma aliinama tena, akaangalia, akainuka, akatuangalia. Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka yeye mwenyewe, tumbo likitikisika, akisema kama hata jiwe la kanisa linatetemeka, sembuse yeye. Baada ya hapo walipanga mstari wote, jiwe kwanza, kisha maziwa, kisha jiwe tena, na vijana wakalifukia lile shimo bila kuambiwa na mtu. Fromaje za miezi minne zilibaki rafuni. Watoto waliendelea kuharisha wiki mbili zaidi, mpaka muuguzi alipowaambia wazibe choo kilichokuwa juu ya chemchemi, ndipo wakapona. Ni chemchemi ile ile niliyosimama kutangaza sayansi yangu.

Mtu mmoja tu hakuangalia. Mwalimu Bonane alimwita Mama Veneranda mara mbili, watu wakampisha, na yeye akabaki amesimama kwenye mlango wa laiteri, mikono ndani ya aproni. “Mimi najua maziwa yangu,” alisema, akaingia ndani. Kila mtu alisifu jibu hilo. Mimi lilinichoma, kwa sababu nilielewa kwamba hataki kuinama juu ya kitu kilichomvunjia heshima, na kwamba kwangu mimi amefunga mlango. Tuliishi pamoja mpaka mwisho wa mwaka. Alinipakulia, alinifundisha kugonga fromaje kwa kidole na kusikiliza kama imeiva, alinipa moja nzima siku ya kuondoka. Wala hatukulizungumza jambo lile hata mara moja. Jioni, baada ya kugeuza fromaje, nilibaki na Mwalimu Bonane darasani tukiifuata chembe moja ya jiwe: kila nusu dakika natia nukta kwenye karatasi ya miraba, kisha naziunganisha nukta. Mstari ulijikatakata, ukarudi ulikotoka, ukatoka tena. Alinionyesha kwamba chembe ya namna hiyo haifiki mbali upesi. Ukitaka ifike mbali mara mbili, kwa kawaida uingoje mara nne. Katika karatasi hizo nilichagua kazi yangu ya maisha. Lakini kila nilipofundisha somo hilo baadaye, nilimwona Mama mlangoni, mikono ndani ya aproni.

Kwa hiyo nilikwenda Kibua, nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini, na fromaje ya Masisi ndani ya mkoba. Zawadi alikuwa ametuma habari mbele. Nilimkuta Mama ameketi uani kwenye kiti cha miti, amekuwa mdogo, nywele nyeupe, akichagua maharage kwenye ungo. Hakuinuka, ila aliacha maharage. “Madame Fromaje,” alisema, na mimi nikapiga magoti kwenye tope lake nikalia kama niliyempoteza, ingawa nilikuwa nimempata. Aliingoja ile pumzi ya kilio ipite. Aliichukua fromaje, akaigonga kwa kidole, akasikiliza. “Wameiharakisha,” akasema. “Lakini tutaikula.”

Tulikula na viazi, na baada ya kula nikasema lile nililokuja nalo. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia najua kwa nini siku ile alikataa kuangalia.

“Unajua nini?” aliuliza.

“Ulinikasirikia, Mama.”

“Mimi?” Aliniangalia kwa mshangao mpaka nikaona haya. “Mapendo, nilikuwa naogopa! Ile wiki yote sikulala. Nilisema, kama ni kweli? Kama ni mimi nagonjwesha batoto ya bantu na mikono yangu? Wote wakasema wameona muzuri, lakini mi nikasema, nikiinama pale, mimi nitaona vidudu. Miguu ikakatala. Nikasema lile neno la kiburi, nikaenda kuketi nyuma ya rafu, nikatetemeka kushinda ile jiwe yenu.” Akatikisa kichwa. “Kukukasirikia! Mutoto alisimama mbele ya kanisa muzima akasema nilidanganyika. Mara mbili! Papa Bauma mpaka anakufa hakusema hata mara moja.”

Sijui niseme nini juu ya mzigo unaoubeba tangu usichana, halafu unaambiwa hamkuwa na kitu ndani. Nilitoa simu. Wanafunzi wangu hubandika simu juu ya hadubini na kupiga picha zinazotembea, na nilikuwa nazo za maziwa. Niliishika karibu na macho yake dhaifu. Aliangalia kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, vile vitone vikitetemeka kwenye kioo.

“Njo hii tu?” alisema. “Njo hii nilikimbia?” Kisha akakunja uso. “Lakini haya maziwa iko baridi. Haikuogeshwa.”

Jicho la mtu haliwezi kujua hilo kwa kuangalia, na nilitaka kumwambia. Ila nilikuwa nimepiga picha ile asubuhi ya mvua, na maziwa yalikuwa baridi kweli.

Alinisimulia alikopita miaka yote. Kutoka kilimani kwake hadi Pinga kwa miguu, akarudi Masisi nyumba ikiwa haina paa, akaenda tena Pinga, akashuka Hombo, akarudi, akaishia Kibua kwa mtoto wa dada yake. Mazoea ni mabaya: nilikuwa nimetoa daftari bila kufikiri, nikawa naweka nukta na kuziunganisha. Mstari ulijikata, ukarudi ulikotoka. Aliuliza naandika nini. Nikamwambia ni njia yake, na kwamba inafanana na ya ile chembe ya jiwe tuliyoifuata mimi na Mwalimu Bonane, inayosukumwa huku na kule bila kutaka kwenda popote. Alivuta daftari, akaliweka karibu na pua.

“Hii ni wapi?”

“Pinga.”

“Ndiyo, kule nilisukumwa. Na hii?”

“Hombo.”

“Hapana,” alisema, akaweka kidole juu ya mstari huo mrefu. “Hapa hakuna muntu alinisukuma. Nilisikia uko unafundisha Hombo. Nilienda kukutafuta. Nikafika, wakasema umehama.”

Nilitafuta ndani ya mkoba bik nyekundu, nikaipigia njia ile ya Hombo mstari mara mbili, kama nilivyoipigia ile kanuni ya zamani.